Kisanduku cha Idadi

Bi Ozélie Doiron alinifungulia kabla sijabisha.
Alikwisha kuliona gari la serikali likiteleza pale kwenye kona,
alikwisha kuficha, nadhani, sigara za watu.
"Vua viatu," akasema. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nami nikavua: sheria yake ilinitangulia mlangoni.
Soksi yangu ya kushoto ina tundu.
Ndivyo nilivyoanza ukaguzi, Bathurst, Februari,
kidole gumba kikichungulia.

Maji ya bomba: yanababua. Nikaandika.
Dawa: ndani ya kopo la biskuti, bila kufuli,
ila kila pakiti na jina la mwenyewe
kwa mwandiko wa mtu aliyepata kuwa mwalimu.
Nikaandika nusu ya hayo. Fomu haina nafasi ya mwandiko.
Ngazi ya dharura: theluji hadi magotini,
na juu ya theluji kiti cha plastiki
anachokalia Alphée akivuta zile sigara
ambazo hazipo.
Dirisha la chumba cha tatu lilipakwa rangi
mwaka hadi mwaka, tabaka juu ya tabaka,
mpaka likasahau kuwa ni dirisha.

"Wakaazi wangapi?"
"Sita." Kibali ukutani nacho kilisema sita.

Nikabonyeza king'ora.

Vichwa vikachomoza milangoni:
Alphée na mswaki mdomoni,
Rosalind Duguay kaziba masikio, akimtukana babangu kwa Kifaransa,
ndugu wawili wa Robichaud, makoti mwilini tayari,
kama watu ambao tangu utoto wanangoja kuhamishwa,
Lorne, Marguerite, na kijana
ambaye mwaka jana hakuwepo.
Saba.

Bi Ozélie akatazama sakafu.
Mtu anayetazama sakafu ya nyumba yake mwenyewe
anakuonyesha njia.

Chini, ubavuni mwa boila, alilala Wendell,
shati lake limeanikwa juu ya bomba,
uso ukutani, sikio zima kwenye mto,
lile bovu likisikiliza king'ora.

"Andika sita," Bi Ozélie alisema, wala hakubembeleza.
"Au andika nane, kisha uchague mwenyewe wawili,
uwatoe kwenye theluji, ukishavaa viatu vyako."

Sikumjibu. Nilikuwa mtaa mwingine, mwaka juzi,
mbele ya nyumba isiyokuwa kwenye rejista yoyote,
na askari wa zimamoto, ndevu zimeganda barafu,
kanishika bega: walikuwa wangapi?
Mle ndani, walikuwa wangapi?
Jirani akasema watano.
Mwenye nyumba, kwa simu, kutoka Moncton, akasema wanne.
Muuza duka yeye alijua mikate tu, kumi kwa wiki.
Wakatafuta hadi alfajiri
bila kujua waache lini.

Nikaandika nane.
Pembeni, pasipotakiwa kitu, nikaanza majina.
Wendell akaamka akanikuta nimechuchumaa na kalamu,
akanitazama kitambo, akatazama karatasi.
"L mbili," akasema. "Mwishoni. Watu husahau."

Siku thelathini, nikamwambia Bi Ozélie.
Kufuli ya dawa. King'ora chenye taa kule chini.
Ngazi, leo hii, kabla sijaondoka.
Kuhusu hao wawili nitaiandikia wizara.
(Wizara nayo hulalia sikio lake zima.)
Hakushukuru. Alinipa kisu cha siagi
tukapanda kwenye dirisha la tatu, tukakwangua,
yeye chini, mimi juu, maganda ya rangi
yakitunyeshea mikononi: kijani, maziwa, kijani tena.
Halikufunguka. Lilitoa ufa tu,
na baridi ikapenya, nyembamba kama uzi,
hadi Rosalind, vyumba viwili kutoka pale,
akapiga kelele kwamba mtu afunge mlango.

Viatu vyangu sikuvikuta mlangoni.
Vilikuwa chini, karibu na boila,
ndimi zimefunuliwa, vikavu, vya moto.